Namna ya Kuchukua Historia ya Ulaji kwa Mgonjwa wa Meno: Mwongozo Kamili kwa Wanafunzi wa Udaktari wa Kinywa na Meno

Kila kundi jipya la wanafunzi linapoingia kliniki, fomu za historia ya ulaji hunirudia mezani zikiwa na maneno yale yale: "Mgonjwa anakula mlo wa kawaida. Ameshauriwa kupunguza vitu vitamu." Fomu ya namna hiyo haimwambii msimamizi lolote, na mgonjwa aliyepewa ushauri huo hurudi baada ya miezi michache akiwa na jino jingine lililotoboka. Wanaoandika hivyo si wavivu, kwani wengi wao hueleza vizuri katika mtihani jinsi sukari inavyogeuka tindikali. Kinachowashinda ni kuutumia ujuzi huo mbele ya mtu aliyeketi kwenye kiti.

Jambo ambalo ningependa ulishike tangu sasa ni kwamba ukurasa mmoja wa ulaji husomwa mara mbili. Kwanza unasomwa kwa ajili ya meno, na hapo unahesabu mara ngapi sukari imeingia kinywani na ilikaa kwa muda gani. Kisha unasomwa kwa ajili ya mwili mzima, na hapo unahesabu gramu, pamoja na kutazama kilichokosekana. Wanafunzi wengi huchanganya hesabu hizi mbili, na ushauri wao unakosa kote kuwili.

## Vitu vya kuandaa kabla ya mgonjwa kuingia

- Fomu ya saa 24 yenye safu nne: saa, kilicholiwa au kunywewa, kiasi, na muda uliotumika kukimaliza.
- Karatasi tatu tupu za aina hiyo hiyo, ambazo mgonjwa atakwenda nazo nyumbani.
- Kalamu nyekundu na kalamu ya bluu.
- Kijiko cha chai, kikombe cha kawaida cha nyumbani, na chupa na pakiti tupu za soda, juisi na biskuti zinazouzwa katika maduka ya eneo lako.
- Mizani, kipimo cha urefu, na utepe wa kupimia mzunguko wa mkono wa mtoto.
- Kipima sukari ya damu kama kliniki inacho. Kama haina, jua mapema ni chumba gani utampeleka mgonjwa.

Usidharau kijiko na kikombe. "Vijiko vitatu" vya mgonjwa mmoja ni sawa na vitano vya mwingine, na njia pekee ya kujua ni kumpa kijiko akuoneshe anavyochota. Kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba takriban gramu 4 za sukari; kilichojazwa kwa kilima hubeba zaidi ya hapo.

## Hatua ya 1: Tazama kinywa, ndipo uulize chakula

Kinywa hukuambia cha kuuliza. Madoa meupe yasiyong'aa yanayofuata ukingo wa ufizi yanaonesha kuwa madini ya enameli, tabaka gumu la nje la jino, yanaondoka sasa hivi, kwa hiyo sukari inayotafutwa ni ya wiki hizi. Mtoto ambaye meno ya mbele ya juu yameoza ilhali ya mbele ya chini ni mazima amekuwa akilala na chupa yenye kitu kitamu, au akinyonya hivyo usiku, kwa sababu ulimi hufunika meno ya chini wakati wa kunyonya. Meno yaliyolika yakawa laini, yanayong'aa na yasiyo na ukoga (utando wa bakteria unaoganda kwenye meno) huelekeza kwenye tindikali itokayo nje, kama vile ndimu, ukwaju, embe mbichi na soda, au itokayo tumboni kwa mtu anayetapika mara kwa mara.

Tazama pia ulimi na pembe za mdomo. Ulimi uliopoteza vinundu vyake ukawa laini na mweupe, pamoja na pembe za mdomo zilizochanika, huonekana kwa watu wenye upungufu wa madini ya chuma. Ulimi mwekundu unaouma huweza kutokana na upungufu wa vitamini B12, foleti au vitamini nyingine za kundi B.

Onyo: Fizi kuvuja damu hakumaanishi kiseyeye. Wagonjwa wengi mno utakaowaona wakitoka damu wana ukoga uliokaa muda mrefu, na dawa yao ni kusafishwa na kufundishwa kupiga mswaki. Fikiria upungufu wa vitamini C pale tu mgonjwa hajala matunda wala mboga mbichi kwa miezi kadhaa, na uone dalili nyingine kama michubuko ya ngozi isiyo na sababu na vidonda visivyopona.

Utajua umefaulu ukiwa na angalau shaka moja iliyoandikwa, ambayo maswali yako yatakuja kuithibitisha au kuikanusha.

## Hatua ya 2: Pitia saa 24 zilizopita, kuanzia alipoamka

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Mwanafunzi huuliza, "Mama, unapenda vitu vitamu?" Swali hilo limeshamhukumu mgonjwa kabla hajajibu, na mtu mwenye heshima zake atajibu, "Hapana, si sana." Baada ya hapo kila kitu kitakachoandikwa kitakuwa cha kukulinda wewe na yeye dhidi ya aibu.

Msalimu inavyostahili. Ikiwa ni mtu mzima kuliko wewe, shikamoo yako itoke kabla ya kalamu. Kisha mwombe mtembee pamoja katika siku ya jana:

"Mama, naomba unisimulie siku yako ya jana. Ulipoamka, kitu cha kwanza kupita kinywani kilikuwa nini?"

"Jana asubuhi sikula kitu, mwanangu. Nilikunywa chai tu."

"Sawa, mama. Hiyo chai ulitia nini?"

Sikiliza jibu lake la kwanza kwa makini. Kwetu chai haihesabiwi kuwa chakula, na mtu anayesema hakula kitu huenda amekunywa vikombe viwili vyenye vijiko vitatu kila kimoja. Soda, juisi, uji mwepesi na dawa za maji husahaulika kwa namna hiyo hiyo. Kwa hiyo, ukimaliza kupitia milo, rudi tena tangu asubuhi ukiuliza vinywaji peke yake, kisha rudi mara ya tatu ukiuliza vitu vya kutafuna na kumung'unya: pipi, ubuyu, kashata, visheti, biskuti, peremende za kikohozi. Kwa mtoto, uliza juu ya dawa za maji zilizotiwa sukari, hasa kama anazitumia kwa muda mrefu na kupewa usiku baada ya kupiga mswaki.

Kwa kila kitu kitamu, uliza kilichukua muda gani kwisha. Wanafunzi karibu wote huiruka safu hiyo, ingawa ndiyo inayobeba uzito mkubwa kuliko zote. Soda iliyonywewa kwa dakika tano pamoja na chakula na soda iliyokaa juu ya cherehani ikionjwa kwa saa nzima ni chupa ile ile, lakini kwa jino ni mambo mawili tofauti.

Andika saa kwa mtindo mmoja. Mgonjwa akisema saa 4, uliza kama ni asubuhi au usiku, na uandike neno hilo. Nimewahi kupokea fomu ambayo chai ya saa 4 usiku ilinakiliwa kuwa ya asubuhi, na ushauri wote ukaelekezwa mahali pasipo na tatizo.

Onyo: Usikunje uso, usitikise kichwa, wala usianze kushauri katikati ya masimulizi. Ukimkemea kwa soda ya saa 4 asubuhi, hutasikia habari za chai ya saa 4 usiku.

Utajua umefaulu fomu ikiwa na vinywaji vyote, muda wa kila kitu kitamu, na kilichopita kinywani mwisho kabla ya kulala.

## Hatua ya 3: Mpe karatasi za siku tatu

Siku moja haitoshi kumjua mtu. Mpe karatasi za siku tatu, mbili ziwe za kazi na moja ya mapumziko, na umwombe aandike papo hapo anapokula badala ya kungoja jioni. Asiyeweza kuandika asaidiwe na kijana wa nyumbani, au apige picha kwa simu kila kikombe na kila sahani. Mwambie waziwazi asibadili ulaji wake kwa siku hizo.

Kumbuka kalenda. Kumbukumbu iliyoandikwa katika mwezi wa Ramadhani, yenye tende, uji na kaimati za futari na daku ya usiku wa manane, ni ya kweli kwa mwezi huo lakini haiwakilishi miezi mingine kumi na mmoja. Iandike kama ilivyo, umshauri mgonjwa kwa ajili ya mwezi huo, na urudie baadaye.

## Hatua ya 4: Kalamu nyekundu, hesabu ya meno

Bakteria walio katika ukoga, wakiwemo Streptococcus mutans, huchachusha sukari na kutoa tindikali ndani ya dakika chache. Kipimo cha pH cha ukoga, ambacho hushuka kadiri tindikali inavyozidi, kikishuka chini ya takriban 5.5, enameli huanza kupoteza madini. Mate huondoa tindikali hiyo polepole na kurudisha madini, na kwa kawaida kazi hiyo huchukua kama nusu saa, wakati mwingine hadi saa nzima. Sukari ikiingia tena kabla mate hayajamaliza, hesabu inaanza upya. Usiku mate hupungua sana, ndiyo maana kikombe kitamu cha mwisho kabla ya kulala hudhuru kuliko kingine chochote cha siku hiyo.

Zungushia wekundu kila tukio lenye sukari huru. Hiyo ni sukari iliyoongezwa na kiwanda, mpishi au mlaji mwenyewe, pamoja na ile iliyomo katika asali, sharubati na juisi za matunda, juisi ya miwa ikiwemo. Embe, chungwa na papai vinavyoliwa vikiwa vizima havihesabiwi, wala maziwa yasiyotiwa sukari. Wanafunzi hupenda kuzungushia matunda, na matokeo yake ni kumwondolea mgonjwa chakula anachokihitaji.

Ugali, wali na viazi peke yake havina hatari kubwa kwa meno. Unga uliochanganywa na sukari na unaonata, kama biskuti, keki na mandazi matamu, ndio unaozungushiwa.

Chukua mfano huu wa kufundishia, wa fundi cherehani mwenye umri wa miaka 34:

- Saa 12 asubuhi: chai ya rangi, vijiko 3 vya sukari, na mandazi 2.
- Saa 4 asubuhi: soda ya kola ya mililita 350, ameionja kwa saa nzima.
- Saa 7 mchana: wali, maharage na mchicha.
- Saa 9 alasiri: pakiti ya ubuyu wa rangi, ameumung'unya kwa saa nzima.
- Saa 11 jioni: chai, vijiko 3, na kashata.
- Saa 2 usiku: ugali na dagaa.
- Saa 4 usiku: chai ya maziwa, vijiko 2, kisha kulala.

Matukio mekundu ni matano. Kila tukio ulipe nusu saa ya tindikali, na yale mawili yaliyodumu saa nzima uyape saa moja na nusu kila moja. Jumla ni dakika 270, yaani saa nne na nusu kwa siku. Haya ni makadirio ya kukuongoza, si kipimo cha maabara, lakini yanatosha kuonesha tatizo liko wapi.

Ubuyu unastahili neno la peke yake. Una sukari kwa nje na uchachu wake wenyewe kwa ndani, na unamung'unywa mbegu moja moja kwa muda mrefu. Kwa hiyo jino linashambuliwa kwa njia mbili kwa pamoja. Bado sijaona fomu ya mwanafunzi iliyoutaja bila mimi kuuliza.

Onyo: Kwa mzee ambaye fizi zimeshuka na mizizi iko wazi, kiwango cha 5.5 hakifai, kwa kuwa dentini, tabaka lililo chini ya enameli na katika mizizi, hupoteza madini hata pH ikiwa juu ya 6. Mgonjwa mwenye kinywa kikavu kwa sababu ya dawa au maradhi naye hana mate ya kumkomboa. Kwa hao, matukio matatu yaweza kuwa mengi.

## Hatua ya 5: Kalamu ya bluu, hesabu ya mwili

Sasa rudi kwenye ukurasa ule ule ukihesabu gramu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilipendekeza sukari huru isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na likasema kushuka chini ya asilimia 5 kuna manufaa zaidi. Kwa mtu mzima anayetumia kilokalori 2,000, asilimia 10 ni kilokalori 200. Gramu moja ya sukari hutoa kilokalori 4, kwa hiyo kikomo ni gramu 50. Asilimia 5 ni gramu 25.

Fundi wetu ametia vijiko 8 katika chai, yaani gramu 32 kama vimesawazishwa. Soda ya kola huwa na kati ya gramu 10 na 11 kwa kila mililita 100, kwa hiyo chupa yake ina gramu 35 au zaidi. Ameshapita 65 kabla hujagusa ubuyu, kashata na mandazi.

Kisha tazama kilichokosekana. Kuna tunda? Hakuna. Mboga zipo mara moja. Maharage na dagaa vimempa protini, na dagaa wanaoliwa na mifupa yao wamempa kalsiamu. Andika hayo pia, kwa sababu mgonjwa anastahili kusikia anachofanya vizuri.

## Hatua ya 6: Tafuta ugonjwa unaotibiwa nje ya kinywa

Pima uzito na urefu. Gawanya kilo kwa mita za urefu zilizozidishwa zenyewe kwa zenyewe, upate uwiano wa uzito na urefu: chini ya 18.5 ni uzito pungufu, 25 na kuendelea ni uzito uliozidi, 30 na kuendelea ni unene uliokithiri.

Kisukari na ugonjwa wa fizi huchocheana: sukari ya damu isiyodhibitiwa huharakisha uharibifu wa mfupa unaoshika meno, na uvimbe wa fizi hufanya sukari iwe ngumu kudhibitiwa. Mgonjwa mwenye majipu ya fizi yanayojirudia na meno yaliyolegea kuliko umri wake unavyoeleza aulizwe kuhusu kiu, kukojoa mara kwa mara na kupungua uzito. Mwenye dalili hizo, na kipimo cha wakati wowote kikionesha milimoli 11.1 kwa lita au zaidi, apewe rufaa siku hiyo hiyo.

Mjamzito aulizwe kwa upole kama anakula udongo au kutafuna barafu. Tamaa hiyo mara nyingi huambatana na upungufu wa damu, na chembe za udongo husaga enameli. Usimcheke, mpeleke akapimwe damu.

Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, zungushia utepe katikati ya mkono wake wa juu. Chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali. Mtoto wa namna hiyo mwenye kidonda cha ufizi kinachonuka, au shavu lililovimba na kubadilika rangi, ni dharura: fikiria noma, ugonjwa ambao Shirika la Afya Duniani liliuingiza Desemba 2023 katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele, na ambao hula uso wa mtoto kwa siku chache usipowahiwa.

Onyo: Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge huhitaji kitu kitamu sukari yake inaposhuka ghafla. Usimkataze. Mwelekeze asukutue kwa maji baadaye, na mabadiliko makubwa ya mlo uyaache kwa daktari wake.

## Hatua ya 7: Uliza maji na magadi

Swali hili ni fupi. Mgonjwa aliyekulia Arusha, Kilimanjaro au Manyara, ambako maji ya baadhi ya visima na chemchemi yana floraidi nyingi, huenda ana meno ya kahawia yasiyotokana na kuoza. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Magadi yanayotiwa katika makande na maharage yaive haraka nayo huongeza floraidi. Kwa mtoto wa familia hiyo, uliza maji na magadi kabla ya kufikiria vidonge au nyongeza yoyote ya floraidi ya kumeza.

## Hatua ya 8: Kubalianeni badiliko moja

Usitoe orodha ya makatazo kumi. Chagua jambo moja, au mawili mepesi, kwa mpangilio huu: kwanza kitamu cha usiku, pili kinachodumu muda mrefu, tatu hamishia kilichobaki wakati wa mlo, na mwisho ndipo upunguze kiasi.

Tujaribu kwa fundi wetu. Akikubali kunywa soda yake pamoja na wali wa mchana, na chai ya usiku akainywa bila sukari, dakika zinashuka kutoka 270 hadi 180, ingawa gramu zimepungua 8 tu. Meno yamepata nafuu kubwa, mwili bado. Kwa hiyo gramu zinabaki kuwa kazi ya miadi ya pili, na hilo uliandike ili lisisahaulike.

Mwache apendekeze mwenyewe:

"Kaka, katika haya matano niliyozungushia, lipi unaona unaweza kuanza nalo bila kuteseka?"

Ukitaka kubadilisha ubuyu wa alasiri, taja kitu anachoweza kukinunua karibu na kibanda chake: karanga, tunda, muhogo wa kuchoma. Kwa mtoto mdogo usipendekeze karanga nzima, kwani zinaweza kumpalia. Siagi ya karanga ndani ya uji inafaa. Tena angalia usimwondolee nishati mtu mwenye uzito pungufu. Mbeba mizigo ambaye chai tamu ndiyo kifungua kinywa chake chote, apewe kwanza cha kujaza nafasi hiyo, kama viazi vitamu au uji wa dona, ndipo vijiko vipunguzwe.

Ambatanisha maelekezo ya mswaki: mara mbili kwa siku, moja ikiwa kabla ya kulala, dawa ya meno yenye floraidi sehemu 1,000 hadi 1,500 kwa milioni, kutema bila kusukutua kwa maji. Mtoto wa chini ya miaka 3 atapakiwa kiasi cha punje ya mchele. Wa miaka 3 hadi 6, kiasi cha punje ya njegere.

Utajua umefaulu mgonjwa akirudia mpango kwa maneno yake mwenyewe, akitaja kitu, saa, na atakachoweka badala yake. Akijibu "nitajitahidi, daktari," bado hamjakubaliana.

## Hatua ya 9: Andika, kisha rudia hesabu

Katika faili yasiandikwe maneno "ameshauriwa kuhusu lishe." Andika hivi:

"Matukio ya sukari: 5 kwa siku, 4 nje ya mlo, 1 kabla ya kulala. Makadirio ya muda wa tindikali: dakika 270. Sukari huru: zaidi ya gramu 65. Tunda: hakuna. Uwiano wa uzito na urefu: 27. Amechagua: soda pamoja na chakula cha mchana; chai ya usiku bila sukari. Miadi ijayo: saa 24 zirudiwe, madoa meupe yatazamwe upya, gramu zianze kushughulikiwa."

Katika miadi hiyo, anza tena na kinywa. Doa jeupe lililokuwa na mwonekano wa chaki likianza kung'aa na kuwa gumu, mwoneshe mgonjwa kwa kioo, umweleze kuwa hiyo ni kazi yake, kisha umpe karatasi nyingine tatu.